Kisu cha Kuzamia Alichokinoa Baba

Nianze na dira. Kisu alichopewa dada yangu kazini kilikuwa na dira kwenye kitako cha mpini, kidude cha kioo chenye mshale unaotetemeka. Dada yangu ni mzamiaji. Kazi yake ni kuingia kwenye vizimba vya samaki, zile nyumba za nyavu zinazoelea ziwani upande wa Ilemela ambamo sato wanafugwa kama kuku. Anakagua kama wavu umetoboka, anaokota waliokufa, anashona palipochanika. Kizimba kina kuta pande zote. Sasa mtu aliye ndani ya kizimba anataka dira ya nini? Akipotea ageukie kaskazini awasalimie Waganda?

Na si dira tu. Mgongoni kilikuwa na meno makubwa ya msumeno, ya kukatia matawi. Matawi, ziwani! Rangi yake nyeusi tii, maana yake kikikuponyoka kwenye tope la chini, ambako hata mkono wako mwenyewe unauona kwa kuukisia, umekizika. Halafu ncha. Ndefu, nyembamba, kama sindano ya kudungia ng'ombe. Msimamizi wao, mwanamume mwenye kitambi anayeogopa maji kuliko paka, alimkabidhi dada kile kisu huku amevimba kifua.

"Hiki ndicho wanachotumia makomandoo," alisema.

Kwani dada anakwenda kupigana na nani kule chini? Sato?

Naandika haya nikiwa bado na hasira, na sitaki mtu aniambie nitulie. Katika jambo hili nimeambiwa nitulie na watu wengi, na karibu wote ndio hao hao walioliharibu.

Siku ya mkasa dada alikuwa nje ya kizimba, chini kabisa, anakagua kamba za nanga. Hakuuona wavu wa timba. Hakuna anayeuona. Timba ni ule wavu wa uzi mwembamba wa plastiki uliopigwa marufuku. Wavuvi wakisikia boti ya doria wanauachia majini na kukimbia, nao unabaki ukitembea wenyewe, unakamata chochote. Siku hiyo ulimkamata dada yangu, mguu wa kulia. Na kisu cha makomandoo kilikuwa wapi? Mguu wa kulia, kimefungwa kwenye muundi kama kwenye sinema. Wavu ulikuwa umekizunguka nacho, ala na kila kitu.

Alipofanikiwa kukichomoa akaanza kukata, kikawa kinateleza. Akivuta, uzi unavutika nacho. Akasukuma kwa nguvu, kikaponyoka kwenye uzi, na ile ncha ikapita kwenye nguo ya kuzamia mpaka kwenye paja. Shukrani kwa utaratibu wao wa kuzama wawili wawili: mwenzake alimfikia na mkasi wa kukatia nyuzi za kushonea, akamtoa.

Jioni hiyo dada aliingia ndani akasema anachechemea kwa sababu ya kiatu. Mama akamwangalia anavyokaa kwenye kiti, upande upande, akasema, "Vua hicho kiatu tukione." Ikawa mwisho wa siri.

Mama ni Mhaya, na akikasirika hapigi kelele. Anamenya ndizi. Usiku ule alimenya ndizi za kutosha kulisha kwaya nzima, na sisi tumekaa tu tunatazama maganda yakianguka kwenye beseni. Mwisho akaweka kisu chini.

"Kidonda kikipona utanionyesha kisu kinachokata wavu," alimwambia dada. "Wavu uliolowa. Kwa mkono mmoja. Umefumba macho. Ukishindwa, unaandika barua ya kuacha kazi."

"Mama, mimi ni mtu mzima."

"Ndiyo maana nimesema uandike mwenyewe."

Dada hakubisha tena. Lakini mimi nalala naye chumba kimoja, nilimsikia anavyogeukageuka. Watu wanadhani ile ni kazi ya kuogelea. Aliomba mara ngapi wakimwambia wanatafuta kijana wa kiume mwenye mapafu, kama vile sisi tunapumulia masikio! Alipokubaliwa alikuja nyumbani amelowa bado, akanikumbatia na sare yangu ya shule. Sasa kazi yote hiyo imebaki kuning'inia kwenye kipande cha chuma, na sababu ni mtu mmoja mwenye kitambi aliyependa dira.

Jumamosi tukaenda sokoni mjini, mimi na dada. Mimi nilibeba kopo la siagi, ndani nimeloweka vipande viwili vya wavu: kimoja cha timba, na kingine cha wavu wa kizimba wenyewe, ule mnene uliosokotwa. Dada alikuwa amenieleza anachotaka. Kifupi, kisizidi kiganja sana. Kisiwe na ncha. Mpini usioteleza, wenye rangi inayoonekana kwenye maji ya kijani. Na makali yenye meno madogo madogo, kwa sababu uzi uliolowa unahitaji kung'atwa, haupigwi busu.

Mfanyabiashara wa kwanza alituona tu akachomoa jambia.

"Karibu dada, karibu mdogo wangu. Hiki kinachinja fahali."

"Hatuna fahali," nikasema. "Kinakata hiki?" Nikatoa wavu kwenye kopo, unachuruzika.

Akauangalia kama nimetoa panya. "We binti, ondoa uchafu wako kwenye biashara ya watu."

"Si uchafu, ni mtihani."

"Mtihani kafanyie shuleni kwenu!"

Dada akaingilia kati. "Samahani kaka. Mdogo wangu hana adabu, lakini anachouliza ni cha kweli. Tunaomba tujaribu."

"Mumeo anafanya kazi gani, ili nijue nikupe kipi?"

"Sina mume. Kisu ni changu mwenyewe."

Basi! Jambia likarudi chini ya meza haraka kama polisi wamekuja, na badala yake kikatoka kisu cha jikoni chenye maua kwenye mpini. Maua ya waridi. Nilitaka kumuuliza kama maua hayo yanatoa oksijeni, dada akanivuta mkono.

Kila meza ilikuwa hivyo hivyo. Ukisema kisu, unaonyeshwa ncha. Ukisema hutaki ncha, wanakuonea huruma, kana kwamba umekuja kununua kuku ukasema asiwe na miguu. Mmoja akaniambia kisu kisicho na ncha ni kijiko. Nikamwambia basi anywee chai. Dada akasema nikifungua mdomo tena ananiacha stendi.

Tulikipata kwa mama mmoja anayeuza vitu chakavu, amevitandaza juu ya gunia: koleo, vitasa, bawaba. Katikati kulikuwa na kisu cha minofu, vile vinavyotumika kwenye viwanda vya samaki. Mpini mweupe wenye chembechembe, uliotengenezwa makusudi kwa mikono yenye utelezi. Kilikuwa kimenolewa miaka na miaka mpaka kimebaki kifupi, ile sehemu ngumu ya karibu na mpini tu.

"Hicho kimekwisha, wanangu," yule mama alisema, karibu aone aibu. "Chukueni kirefu."

"Hicho hicho mama," dada alisema, na nilimwona anakipima mkononi, anafumba macho pale pale katikati ya soko, anakivuta kifuani kama amekitoa kwenye ala. Watu wakatupisha. Mtu aliyefumba macho ameshika kisu anapewa njia hata siku ya sokoni.

Kazi ya kukigeuza niliichukua mimi. Nilimwambia dada, wewe uguza paja. Kila siku nikitoka shule nilivua sare nikaenda nyuma ya nyumba kwenye jiwe. Sisi tunakaa Buswelu, na kama nyumba nyingi za huku, yetu imejibanza kwenye mawe. Nyuma kuna jabali lenye bonde laini katikati, limechimbika kwa kunolewa visu. Ncha iliyobaki niliisaga hapo kwa maji, taratibu, mpaka ikawa duara kama ukucha wa kidole gumba. Niliepuka mashine ya fundi kwa sababu chuma kikipata moto sana kinageuka bluu na kulegea, na cha kulegea tunacho tayari, kinaitwa msimamizi.

Halafu meno. Nilitumia tupa ya pembe tatu, ile ya kunolea misumeno, jino moja baada ya jingine, kutoka kwenye mpini mpaka mwisho. Chuma kile ni kigumu. Ngozi ya vidole ilitoka. Mwalimu wa Hesabu aliniuliza kwa nini nashika kalamu kama nashika kaa la moto, nikamwambia ni mzigo wa elimu, nikasimamishwa mlangoni kipindi kizima. Sikujali. Nilikuwa nahesabu meno kichwani.

Mpini niliuzungushia utepe wa mpira wa tyubu ya baiskeli, sehemu iliyobaki wazi nikaipaka rangi ya kucha ya dada, nyekundu ya kutisha. Ala niliikata kwenye dumu la mafuta ya kupikia, nikailainisha juu ya jiko la mkaa na kuikunja. Tukakubaliana isifungwe mguuni tena, ikae kifuani, kwenye mkanda wa mtungi wa hewa, mahali ambapo mkono wowote unafika. Kisha mazoezi. Dada anakaa kwenye kigoda uani, amefumba macho, mimi namfunika na chandarua na kumzungushia miguuni, halafu napiga kelele, "Umenaswa!" Anachomoa, anakata hewani, anarudisha. Tena. Tena.

Jirani akachungulia juu ya ua. "Kuna harusi?"

"Ndiyo," nikasema, "anaolewa na sangara."

Kufikia Jumamosi iliyofuata kisu kile kilikuwa kinauma wavu mnene kama mbwa. Nilikiweka kwenye dirisha la jikoni, nimekifuta mafuta vizuri. Kesho yake, Jumapili, ndiyo ilikuwa siku ya Mama kupima, na Jumatatu dada arudi ziwani.

Sasa Baba.

Baba anafanya kazi ofisini mjini, mashati yake yamepigwa pasi mpaka yanasimama yenyewe. Lakini Jumapili akitoka misa anavua shati, anachukua kopo la maji na kwenda kwenye lile jiwe, ananoa. Visu vyetu, panga letu, halafu vya jirani. Huku kwetu wenye mawe kunoa ni salamu. Ukienda kwa mtu ukakuta kisu chake butu, huulizi, unakinoa kabla hujaondoka, naye anajua umemheshimu. Baba amefanya jambo hilo kuwa kama utume. Kisu hakipiti mbele yake salama.

Mimi nilibaki kanisani kwa mazoezi ya kwaya. Nilipofika nyumbani nikamkuta amekaa kwenye jiwe, ananing'iniza miguu, ana furaha.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba. Njoo uone." Akainua kitu chekundu. "Nimekuta hiki dirishani. Mtu alikiharibu vibaya! Kimejaa mapengo mwanzo mpaka mwisho, kama mdomo wa mzee. Nimekaa nacho tangu saa tano. Tazama sasa."

Akapitisha makali kwenye mkono wake, vinywele vikaanguka. Laini. Laini kama kioo. Jino hata moja hakuna.



"Na ncha," akaendelea, "ilikuwa imekufa kabisa. Nimeichonga kidogo. Kisu bila ncha ni aibu, mwanangu."

"Baba, yale yalikuwa meno!" Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyopanga. "Niliyachonga wiki nzima! Hicho ni kisu cha dada cha kuzamia! Kwa nini hukuuliza?"

"Unamfokea nani?"

"Sifoki, nauliza."

"Tulia kwanza. Nimekunolea kisu, unanilipa kelele?"

Hapo ndipo mtu anaweza kupasuka. Mimi ndiye niliyechunika vidole, yeye ndiye aliyefuta kazi yangu, na mwenye kosa ni mimi kwa sababu ya sauti! Nikaambiwa nimwombe radhi. Nikamwomba. Niliomba radhi ile kama mtu anavyomeza dawa ya minyoo.

Mama hakuahirisha. Baada ya chakula aliweka beseni kubwa uani, akajaza maji, akatumbukiza vile vipande viwili vya wavu, akamfunga dada kitenge machoni. Dada alichomoa kutoka kifuani, safi kabisa, mkono mmoja. Akashika timba, akavuta. Ukakatika papo hapo. Hapo lazima niseme ukweli ingawa unaniuma: makali ya Baba yalipita kwenye ule uzi mwembamba kama hayakuukuta. Baba akakohoa, kile kikohozi cha mtu anayesubiri kupongezwa.

Kisha wavu wa kizimba. Dada akavuta, kisu kikateleza. Akavuta tena. Uzi ukajikunja, ukasogea, ukarudi. Maji yakaruka. Nilimwona anabana taya, anavuta kwa bega zima, na ile ncha mpya ya Baba ikapita karibu kabisa na kifundo cha mkono wake wa pili.

"Basi," Mama alisema. "Fungua macho. Kalamu iko kabatini."

Dada alitoa kitenge usoni, akabaki ameshika kisu, maji yanadondoka. Hakulia. Angelia ningejua la kufanya.

"Haiwezekani," Baba akasema. "Hicho kinanyoa! Hukukishika vizuri. Leta."

Akachuchumaa kwenye beseni na suruali yake ya misa. Akavuta. Akabadilisha mkono. Akakunja uzi kidoleni akavuta kwa nguvu, akajimwagia maji mpaka tumboni. Wavu ulikuwa mzima kama ulivyotoka kiwandani. Aliendelea muda mrefu kuliko mtu anayetaka kuthibitisha kitu. Mwishoni nadhani alikuwa anauona ule mguu wa dada kule chini. Akaacha. Akageuza kisu, akapitisha kidole kwenye yale makali aliyoyapenda.

Baba yangu hawaombi watoto radhi. Alichosema ni, "Ile tupa iko wapi?"

Tulikaa kwenye jiwe mimi na yeye mpaka giza likakaribia. Alishika kisu kwa nguvu, mimi nikachonga. Nilipofika katikati akaniambia niache hapo. Nikawa tayari kugombana tena, lakini alikuwa na hoja: nusu ya mbele ibaki laini kwa ajili ya timba, nusu ya karibu na mpini ing'ate wavu mnene. Nilikubali bila kumwambia kwamba nimekubali. Ncha yake niliisaga mwenyewe mpaka ikawa duara tena, na safari hii aligeuza uso kama anayetazama mtoto akichomwa sindano.

Mama alipima kwa taa ya simu. Dada, kitenge machoni, akakata timba, akakata wavu wa kizimba, akakata tena kwa mkono wa kushoto bila kuombwa. Mama akaokota vipande kwenye maji, akavitazama kimoja kimoja.

"Kesho nenda," alisema. "Kesho tu. Ukirudi nitasema la pili."

Jumatatu shuleni sikusikia kitu. Nilirudi nyumbani nikamkuta Mama uani na mkungu wa ndizi, maganda yamefika kwenye vifundo vya miguu. Nikakaa, nikamsaidia, sikutania. Baba naye alirudi mapema, akasema foleni haikuwepo, kama tulimuuliza.

Dada aliingia jua linazama, nywele zimelowa, hachechemei.

"Msimamizi amecheka," alisema kabla hajakaa. "Ameita wenzake waje waone kisu cha kumenyea viazi. Nikamwambia nazama nacho hicho au sizami."

"Halafu?" nikauliza.

"Halafu nikazama. Ule wavu wa siku ile bado ulikuwa pale, Mama, umejizungusha kwenye kamba ya nanga. Na sehemu umejifunga na wavu wa kizimba, hata mkasi wa mwenzangu haukuingia. Nimeukata wote. Tumeupandisha juu kwenye ndoo."

"Naye msimamizi?"

"Amepiga picha nao. Ameuinua juu hivi, akawatumia wakubwa. Kaandika, tumeondoa hatari ziwani."

"Tumeondoa!" Niliruka. "Yeye na nani? Na ile ndoo aliibeba?"

"Tulia," wakasema wote watatu.

Baba alijinyoosha kwenye kiti. "Lakini makali yamefanya kazi, eeh?"

Nikafungua mdomo. Dada akanikanyaga mguu, na kwa yale mazoezi ya mapezi ana mguu mzito. Mama hakuwa anatusikiliza. Alikuwa amemsogelea dada, amemshika mikono yote miwili, anaigeuza chini ya taa, viganja, kisha vidole, kisha kifundo. Akapapasa paja pale penye kovu, juu ya gauni, kama anayetafuta tunda lililoiva.

"Kesho unatoka saa ngapi?" akauliza.

"Saa kumi na mbili."

"Basi ule, ulale mapema."